Bado Nimekasirika

Ibada ilipokwisha, mchungaji alisimama mlangoni kama ilivyokuwa kawaida yake, ili apeane mikono na watu wanapotoka. Wa kwanza walikuwa watoto, wakampita mbio. Baada yao hakuja mtu. Aligeuka kutazama ndani, akawaona waumini wake, wazee kwa vijana, wamejipanga kwenye mlango wa pembeni, ule uliotumika siku za kuingiza viti na majeneza. Hawakusukumana. Walitoka kwa utulivu mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokubaliana tangu nyumbani. Bibi mmoja kiziwi ndiye pekee aliyefuata mlango mkubwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa habari. Alimshika mchungaji mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza hali ya watoto. Mchungaji akamjibu kwa sauti ya juu kwamba wote ni wazima, na watu waliokuwa nje wakageuka kumtazama.

Sababu ilikuwa picha. Tangu jana yake ilikuwa ikiruka kutoka simu hadi simu: binti wa kwanza wa mchungaji akiwa amevaa kombati, nywele zimenyolewa, anacheka katikati ya wenzake wawili. Katika makanisa mengine pale mtaani watu wangempongeza baba mtu, maana kazi ni kazi. Lakini hili lilikuwa kanisa la Mennonite. Humo mtu hafiki kwenye maji ya ubatizo kabla hajafundishwa kwamba mfuasi wa Yesu hashiki silaha, hata kwa kumlinda mama yake. Mchungaji huyu alikuwa amelifundisha darasa hilo miaka mingi, na binti yake alikuwa miongoni mwa waliolielewa vizuri. Ndiyo maana watu walijihisi wametukanwa.

Yeye na mkewe walikuwa wanajua. Binti aliondoka nyumbani akisema amepata nafasi kwenye karakana ya umeme katika mji mwingine, kwa kuwa fundi umeme ndiyo kazi aliyosomea. Baada ya wiki kadhaa alipiga simu akasema si karakana, ni kambini. Baba alimuuliza kama amelazimishwa. Akasema hapana. Akamuuliza kama ni shida ya kukaa nyumbani bila kazi. Binti akasema shida ipo, lakini si hiyo tu.

"Nimependa, baba," alisema. "Huku naamka najua naamkia nini."

Neno hilo ndilo lililomfunga mchungaji mdomo. Kama mtoto angekuwa amekimbilia jeshini kwa njaa, angekuwa na la kuwaambia watu, na watu wangemhurumia. Sasa amependa. Mzazi atasimama wapi na neno kama hilo? Alikaa nalo, akihubiri kila Jumapili kama mtu anayetandika mkeka juu ya shimo.

*

Siku iliyofuata wazee wa baraza walikuja nyumbani wakiwa wanne. Mwenyekiti wao alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mtaratibu asiyependa kelele, ambaye siku mke wa mchungaji alipolazwa ndiye aliyetoa gari lake usiku na mchana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Mke wa mchungaji aliwaletea chai, akamimina vikombe vitano, akarudi chumba cha pili kwenye cherehani yake. Hakushona hata mkono mmoja wa shati. Aliacha mguu wake juu ya pedeli akasikiliza.

Mwenyekiti alisema hawakuja kugombana. Walichotaka ni mambo mawili. Jumapili inayokuja ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na kabla ya Meza walitaka mchungaji asimame awaambie watu kwamba yeye na nyumba yake wamejitenga na alichokifanya binti. La pili, asionekane kwenye gwaride la kuhitimu. Watu walikuwa wameshasikia kwamba wazazi hualikwa, na picha moja ya mchungaji wa Mennonite akipiga makofi mbele ya bunduki ingewafutia vinywani mahubiri ya vizazi vitatu.

"Na nisipoyatimiza?" mchungaji aliuliza.

"Basi utapumzika kidogo, mpaka askofu aje."

Kila mtu chumbani alijua neno kupumzika maana yake nini. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kanisa, viti walivyokalia vilikuwa vya kanisa. Mchungaji aliomba apewe muda wa kufikiri, wakakubali bila ubishi, wakaomba pamoja, wakaondoka. Mkewe alipokuja kutoa vyombo alikuta vikombe vinne vimejaa hadi juu, chai imeganda utando. Alivibeba vyote kwa safari moja bila kumwaga tone. Alipofika jikoni ndipo alipokaa chini.

*

Wachungaji watatu wa Mennonite wa mji ule walikuwa na desturi yao, isiyoandikwa popote. Kila baada ya wiki mbili walikutana nyumbani kwa mmojawao, wakafanya kazi yoyote iliyokuwa imemshinda mwenye nyumba, wakala, wakaombeana, wakatawanyika. Walianza zamani, wote wakiwa wageni katika kazi, siku ambayo paa la mmoja liliezuliwa na upepo. Kwa kuwa kila mmoja kanisani kwake ni mchungaji, na mchungaji hana wa kumlilia, kukutana huko ndiko kulikokuwa kanisa lao wenyewe.

Mkubwa wao waliyemwita Msumari alikuwa seremala kabla ya kuitwa kwenye uchungaji, lakini jina hilo hakulipata kwa useremala. Alipokuwa kijana, vijana wa kwao walikusanywa kwenda vitani. Yeye alikataa kupokea bunduki. Alifungwa, akapigwa, na alipotoka goti lake la kushoto halikukunjika tena sawasawa. Mdogo wao, mnene, mcheshi, aliyeimba kuliko alivyohubiri, walimwita Kinanda. Na huyu wa katikati, baba wa binti, walimwita Polepole, maana mahubiri yake yalikuwa marefu na kila neno alilipima kama mtu anayenunua dawa.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Polepole, na kazi ilikuwa mlango wa jikoni uliovimba kwa mvua ukawa haufungi. Kinanda alifika na utani wake akauacha uani baada ya kuona uso wa mwenyeji. Msumari alifika na randa na misumari, akasalimia, akaung'oa mlango, akaulaza juu ya meza mbili na kuanza kuuranda bila kusema kitu. Alikuwa ameiona picha. Kila mtu alikuwa ameiona.

Polepole alisubiri mpaka akachoka kusubiri. Akawaeleza yote, na masharti ya baraza, na kwamba hajui afanye nini. Kinanda akasema pole ndugu yangu. Msumari alipuliza takataka za mbao, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa mlango.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

Polepole akamwambia ni zaidi ya mwezi.

"Tumekutana mara tatu ndani ya mwezi huo. Nimekula kwako. Umeniombea goti. Halafu habari ya mwanangu naipata kwa muuza mkaa, ananionyesha kwenye simu yake, ananiuliza mchungaji, huyu si wa kwenu?"

"Nilishindwa namna ya kukuambia wewe," Polepole alisema. "Wewe kuliko wote."

Msumari akasema hapo ndipo alipokosea. Akasema jambo la jeshi ni kubwa na atalisema bila kumung'unya: wao ni watu wa amani au si watu wa amani, na kama mtoto wa mchungaji anaweza kusema nimependa, basi yeye alilipoteza goti lake bure. Gwaride asiende. Tena alisema kwa sauti ya chini, jambo lililowatisha zaidi kuliko kama angefoka. Kinanda alijaribu kuingiza neno, akakuta hapana mahali pa kuliingizia.

"Sikukuomba uje gwaride," Polepole alisema.

"Hata ungeniomba, nisingekuja."

Msumari aliurudisha mlango kwenye bawaba, akaufungua na kuufunga mara mbili. Ulifunga vizuri. Akakusanya vyombo vyake, akamwambia shemeji yake asimuwekee chakula, akaondoka akiburuta mguu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo mmoja wao kuondoka bila kula wala kuombewa. Kinanda alibaki, akala sahani mbili ili mwenye nyumba asihuzunike, akaomba kwa ajili ya wote watatu, mwenye kuwepo na asiyekuwepo.

*

Mke wa mchungaji alikuwa amepewa kazi ya kushona sare za kwaya ya akina mama. Vitambaa vya rangi ya zambarau vilikuwa vimekaa kwenye kabati, vipimo vimeshachukuliwa, chaki tayari. Katikati ya wiki wanakwaya wawili walikuja, wakapiga hodi kwa heshima, wakamwita mama mchungaji kama siku zote. Wakasema wameonelea wampunguzie mzigo kipindi hiki kigumu. Akawauliza kama kuna fundi mwingine. Wakasema yupo. Akawatolea vitambaa, akavikunja upya mbele yao kwa sababu vilikuwa vimejikunja vibaya, akawatafutia mfuko. Mmoja wao alitaka kulia, mwenzake akamkanyaga mguu.

Mchungaji aliporudi alimkuta mkewe ameifunika cherehani mchana kweupe. Hakuuliza. Mke akasema yeye atakwenda kwenye gwaride. Akasema hamlazimishi mume wake, maana ana baraza na ana askofu.

"Mimi sina baraza. Siku namzaa yule mtoto sikumwona mwenyekiti pale."

Mume akatabasamu bila kutaka. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema hata katika maombi yake. Alisema haogopi baraza sana. Anachoogopa ni kumwona binti akiwa na bunduki mkononi na kugundua kwamba anajivunia. Au kumwona na kugundua kwamba anamchukia. Hajui lipi litatokea, na yote mawili hayafai kwa mchungaji.

Mkewe akafikiri. "Labda utamwona tu amekonda," akasema. "Kama mimi nitakavyomwona."

*

Jumapili ya Meza ya Bwana Kinanda alikuwa mgeni, kwa kuwa wachungaji wale walizoea kusaidiana siku hizo. Kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Waliokuwa hawaji walikuja. Msumari naye alikuja, akiwa amemwachia msaidizi wake ibada ya kanisani kwake, akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mahali pa kuwekea miavuli. Hakuna aliyejua amekuja kusikiliza nini.

Polepole alisimama kabla ya mahubiri. Alisema kwamba yote aliyowafundisha juu ya amani bado anayaamini, hakuna hata moja analolirudisha. Alisema binti yake amekwenda njia ambayo yeye hakumfundisha, na kwamba hilo linamuumiza, na kwamba alilificha kwa aibu na anaomba radhi kwa kuficha. Akanyamaza kwa namna yake, watu wakadhani amemaliza.

"Mmeniomba niseme nimejitenga naye," alisema. "Nimejaribu kulisema nyumbani, peke yangu, nione kama litatoka. Halikutoka. Siku ya gwaride nitakwenda kumwona mwanangu. Sitapiga makofi. Nitakwenda kumwona."

Mwenyekiti wa baraza alisimama. Hakuonyesha furaha. Alisema kwa unyenyekevu kwamba kama walivyokubaliana, mchungaji atapumzika kuanzia saa hiyo, na mchungaji mgeni ataongoza Meza. Polepole akafunga Biblia yake, akashuka, akatafuta mahali pa kukaa. Watu walisogea kumpisha, wakasogea zaidi kuliko ilivyohitajika, akajikuta na benchi zima.

Walishiriki mkate na kikombe. Kisha ikafika saa ya kuoshana miguu, kama wafanyavyo Wamennonite kwa kuufuata mfano wa Bwana: wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, mabeseni ya maji na mataulo yakapangwa. Hakuna anayempangia mtu mwenzake. Mtu humwendea mtu, humwosha, naye huoshwa, kisha husimama na kukumbatiana. Kinanda akakaa kwenye kinanda na kuanzisha wimbo.

Polepole alivua viatu na soksi kama wenzake. Jirani wa kulia alimwendea jirani wa kushoto. Baba aliyekuwa mbele yake, ambaye yeye ndiye aliyemfungisha ndoa, alivuka mabenchi mawili kumfuata mtu mwingine. Mmoja mmoja walipata wenzao, maji yakasikika, watu wakakumbatiana, na yeye akabaki pale na nyayo zake juu ya sakafu ya saruji, soksi mkononi. Angeweza kuinuka kumwendea mtu. Aliogopa kwamba mtu huyo angeficha miguu. Kutoka upande wa wanawake mkewe alimwona. Kinanda pia alimwona, akarudia ubeti wa mwisho, akaurudia tena, akatafuta ubeti ambao haukuwepo, maana wimbo ukiisha kila mtu angevaa viatu.

Ndipo ikasikika hatua ya mguu unaoburutwa. Msumari alitoka nyuma na beseni mikononi, maji yakichezacheza na kumwagikia suruali. Aliliweka chini mbele ya Polepole. Kupiga magoti kwake ilikuwa kazi: alishika benchi, akaunyoosha mguu mbovu pembeni, akashuka kwa lile goti zima huku uso umekunjamana, na watu wa karibu walisikia mfupa ukilia. Akauchukua mguu wa kulia wa rafiki yake, akauingiza majini.

"Bado nimekasirika," alisema, bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Sijabadilisha neno hata moja."

"Najua, kaka."

"Lete mguu mwingine."

Akauosha na huo, akaikausha yote miwili taratibu kati ya vidole, kama mtu anayemkausha mtoto. Polepole alipotaka kupiga magoti kwa zamu yake, machozi yalikuwa yanamzuia kuona beseni liko wapi. Aliliona hatimaye. Goti la Msumari halikuruhusu mguu kuingia vizuri, ikabidi aliinamishe beseni na kumchotea maji kwa kiganja. Waliinuka wakisaidiana. Wimbo ulikwisha. Hakuna aliyewatazama na hakuna ambaye hakuwaona. Siku hiyo watu wengi kidogo walitoka kwa mlango mkubwa, ingawa si wote, na mwenyekiti wa baraza hakuwa miongoni mwao.

*

Askofu alikuja, akasikiliza pande zote, akaamua mchungaji apumzike hadi mwisho wa mwaka, nyumba abaki nayo, na baada ya hapo baraza likae tena. Uamuzi huo haukumridhisha yeyote, na pengine ndiyo maana ulidumu. Msumari na Kinanda waliombwa kushika mimbari ile kwa zamu. Walikubali kwa sharti moja walilojiwekea wenyewe bila kumwambia mtu. Kila Jumapili aliyekuwa na zamu alipitia kwanza nyumbani kwa Polepole, akanywa chai, kisha wakatembea pamoja mpaka kanisani, na mgeni akamketisha mwenyeji benchi la mbele kabla ya kupanda mimbarini. Msumari alifanya hivyo akiwa hajamwambia neno la kumfariji hata siku moja. Katikati ya safari walikuwa wakibishana. Mke wa mchungaji aliwasikia kutoka mbali wakirudi, mmoja akisema Maandiko yako wazi, mwingine akisema sijasema hayako wazi, na alijikuta akisonga ugali kwa mkono mwepesi.

Kazi za ushonaji zilipungua, kisha zikarudi kidogo kidogo kutoka kwa watu wa makanisa mengine. Sare za zambarau zilitoka kwa fundi mwingine zikiwa zimebana mabegani, na mke wa mchungaji alijizuia kusema lolote, jambo ambalo baadaye alilihesabu miongoni mwa ushindi wa maisha yake.

Siku ya gwaride ilipokaribia, Kinanda alisema atawapeleka kwa gari lake. Lakini siku yenyewe alipata msiba wa muumini wake, akapiga simu kwa unyonge. Kabla mchungaji na mkewe hawajajua wafanye nini, gari la Kinanda lilisimama nje. Aliyekuwa kwenye usukani ni Msumari.

"Mnakwenda au hamwendi?" aliuliza. "Gari la watu hili."

Njiani aliendesha kama anavyoendesha siku zote, taratibu na kwa kuwalaumu wengine wote barabarani. Mke wa mchungaji alikuwa amepakata kapu la chakula. Walipofika kwenye lango la kambi walikuta wazazi wengi wamevaa nguo zao bora, wengine na maua, na muziki wa bendi unasikika ndani. Msumari aliegesha gari kivulini, akashuka, akaenda kukaa kwenye ukuta mfupi uliokuwa nje ya lango.

"Mimi siingii," alisema. "Nitakuwa hapa hapa mtakapotoka."

Mchungaji alitaka kusema kitu. Msumari akamwonyesha lango kwa kidevu.

Ndani, jua lilikuwa kali na vijana walikuwa wengi, wote sawa. Kwa muda mrefu wazazi hawakumtambua wa kwao. Kisha mama akamshika baba mkono na kumwonyesha, safu ya tatu, wa pili kutoka mwisho. Alitembea vizuri. Bunduki aliibeba kama alivyokuwa akibeba ngazi yake ya kazi, bila kuifikiria. Mchungaji alimtazama akisubiri mojawapo ya yale mawili aliyoyaogopa, fahari au chuki, na labda vilikuja vyote, lakini kilichosimama mbele ya vyote ni kwamba shingo ya mtoto imekuwa nyembamba. Watu walipiga makofi. Mikono yake aliiweka magotini. Mkewe naye hakupiga, alikuwa ameshikilia kapu.

Gwaride lilipokwisha na silaha kurudishwa, binti aliwakimbilia, akamkumbatia mama, kisha akasimama mbele ya baba akiwa hajui afanye nini. Baba alimvuta kifuani. Alimwuliza kama amekula. Binti akacheka na kulia kwa pamoja, akasema ruhusa ya kutoka ipo hadi jioni. Wakatoka wote watatu kwa lango lile.

Msumari alikuwa pale pale ukutani, kofia juu ya goti. Binti alipomwona alipunguza mwendo. Tangu utotoni alikuwa amesikia habari ya goti lile, na sasa amesimama mbele yake na buti za jeshi. Akavua bereti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Msumari alimtazama, akaanzia kwenye buti, akapanda polepole hadi usoni. Mama alianza kuogopa.

"Marahaba, mwanangu," alisema hatimaye. "Sikuja kukupongeza."

"Najua, baba mkubwa."

"Nimemleta baba yako."

"Ahsante."

"Mengine tutaongea, nawe utanisikia, na mimi nitakusikia. Leo umekonda." Akasogea akamfanyia nafasi ukutani. "Kaa. Mama yako amebeba chakula tangu alfajiri na harufu yake imenitesa njia nzima."

Binti akakaa. Mama akafungua kapu, akagawa sahani, akamimina maji ya kunawa. Ilibaki kushukuru. Kati yao wachungaji walikuwa wawili, mmoja mwenye kanisa na mwingine aliyepumzishwa, na yule aliyepumzishwa aliinamisha kichwa akisubiri mwenzake aanze.

"Unasubiri nini?" Msumari alisema. "Omba wewe. Ni mwanao."

Polepole akaomba. Alishukuru kwa safari, kwa chakula na kwa mikono iliyokipika. Akamtaja binti yake kwa jina, akanyamaza kama ambavyo huwa ananyamaza, neno likitafutwa mahali fulani mbali. Askari wa zamu langoni, ambaye hakuwa na habari zao, alivua kofia.

"Bwana," mchungaji alisema, "asimuue mtu. Wala mtu asimuue yeye."

Hakuongeza kitu. Msumari alijibu amina kwa sauti nzito. Mama akajibu. Binti alikaa macho yamefumbwa, buti zake zimekaa pamoja kama za mtoto wa darasani, na wote watatu wakamsubiri bila kugusa chakula.

"Amina," akasema.